Hakuwa na Wajomba

Baba mdogo ndiye aliyenifundisha nasaba. Ilikuwa miezi ya ulanzi, jioni, yeye amekaa kwenye kigoda nje ya jiko na lita yake pembeni, mimi nimesimama mbele yake. Nilitakiwa nitaje mababu saba, kuanzia kwa baba kurudi nyuma, bila kuruka hata mmoja. Nikiruka, narudishwa mwanzo. Siku nilipowamaliza wote kwa pumzi moja alinionjesha ulanzi, nami nikajiona mtu mzima. Majina yote saba yalikuwa ya wanaume. Kwamba kila mmoja wao alizaliwa na mwanamke fulani, mwenye baba na mama na kijiji chake, hilo halikuwamo kwenye somo.

Nilikuja kuwafikia wanawake hao kwa njia ya karatasi, wala si kwa shauku ya historia. Baba alipostaafu na kuanza kufuatilia mafao yake, aliambiwa alete cheti cha kuzaliwa. Hakuwa nacho, na karibu rika lake lote halikuwa nacho. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo waliyoileta Waingereza mwaka 1920 iliwabana Wazungu na Waasia. Mwafrika aliachwa ajiandikishe akipenda. Na nani angekwenda bomani kwa miguu kuandikisha mtoto ambaye kijiji kizima kimemwona akizaliwa? Pengo hilo lilidumu muda mrefu sana. Ni juzi tu, mwaka 2013, wakala wa serikali wa usajili, RITA, ulipoanzisha mpango wa kuwaandikisha watoto walio chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na mkoa wa kwanza ulikuwa Mbeya. Kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini aliyezaliwa kabla ya Uhuru, serikali ilimwandika alipe kodi; kanisa ndilo lililomwandika pamoja na mama yake.

Wazungu nao walianzia huko huko. Uingereza, mwaka 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, ndoa na maziko. Usajili wa serikali ulikuja 1837, karne tatu baadaye. Ndiyo maana mtu wa kijijini kule, ambaye ukoo wake haukuwahi kumiliki kitu cha maana, anaweza kurudi nyuma miaka mia nne kwa kugeuza kurasa tu. Vitabu vyetu vina umri wa karne moja na ushei. Vinakoma pale mmisionari alipofika na wino wake. Ukitaka kwenda nyuma ya hapo, unakwenda kwa wazee.

Wamisionari wenyewe waliigawana milima hii ndani ya miaka michache. Mwaka 1891 Wamoravian kutoka Herrnhut walipiga kambi Rungwe, na mwaka huo huo Misheni ya Berlin ikaingia Unyakyusa ikiongozwa na Alexander Merensky. Kutoka huko Waberlin wakapanda Ukinga, wakaenda Ubena, hadi wakafika Uhehe. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien wao walitokea pwani, wakajenga Tosamaganga mwishoni mwa miaka ya 1890, jirani na Kalenga, ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, iliyoanguka Oktoba 1894. Kwa hiyo anayetafuta nasaba huku kwetu akiuliza kwanza ukoo amekosea mlango. Aulize misheni. Ukijua misheni unajua lugha ya kitabu, unajua kilichoandikwa na kilichoachwa, na unajua wino ulikauka lini.

Na wino ulikauka. Vita Kuu ya kwanza ilipofika huku mwaka 1916, Wajerumani waliondolewa. Vituo vya Moravian na vya Berlin vikaangaliwa kwa muda na Waskoti wa Livingstonia kutoka Nyasaland. Tosamaganga ikaja kuwa ya Waitaliano, mapadri wa Consolata. Ukigeuza kurasa unaona historia hiyo kwa macho bila kusoma neno: mwandiko wa Kijerumani wenye ncha kali, kisha pengo, kisha herufi za mviringo za Kiitaliano. Kwa Wakatoliki kilichookoa ni Kilatini. Aliyekuja, awe ametoka Bavaria au Torino, aliikuta safu ile ile na kuendelea kujaza.

Tahajia ni balaa lake peke yake. Kila mmisionari aliandika jina la Mhehe au Mnyakyusa kama sikio la kwao lilivyolisikia. Mkwawa mwenyewe, mtu aliyewasumbua Wajerumani miaka saba, kwenye nyaraka zao ni Quawa. Anayemtafuta kwenye herufi M hampati. Mwakaleli iliandikwa Muakareri. Mwitaliano naye, kwa sababu kwao ch husomwa k, angeweza kuandika Chi mahali ambapo wewe unatafuta Ki. Ukitafuta jina kwa tahajia ya kitambulisho chako cha NIDA utatoka mikono mitupu. Mimi nilizoea kusoma kwa kunong'ona, kidole kikiteremka kwenye safu, na kuliachia sikio lifanye uamuzi.

Parokia alikobatizwa baba ilikuwa rahisi. Jina lake lilikuwapo, tarehe ikapatikana, mafao yakasogea. Mambo yangeweza kuishia hapo. Lakini katibu wa parokia, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniuliza kama ninataka na ya mzee wake, maana ilikuwa mstari mmoja tu pembeni. Kumbe ilikuwapo amri ya Roma iitwayo Ne temere, iliyoanza kutumika Pasaka ya mwaka 1908, iliyoagiza kwamba ndoa ya mtu iandikwe pembeni mwa jina lake kwenye kitabu cha ubatizo, hata kama amefungia ndoa parokia nyingine. Lengo lilikuwa kuzuia mtu mwenye mke huku asijitangaze kapera kule. Kwetu sisi wajukuu imekuwa kamba inayounganisha kitabu na kitabu. Kutoka kwa baba nikafika kwa babu, na pembeni mwa babu palikuwa na namba na jina la mahali: Tosamaganga.

Nilikwenda Julai, baridi ya Iringa ikiwa imekaza, watu wamejifunika migolole hadi masikioni.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Karibu. Kalamu ya wino weka mfukoni."

Hilo ndilo lilikuwa sharti la kwanza: penseli tu. La pili, kunawa mikono na kuikausha. La tatu, kurasa za miaka ya karibuni hazifunguliwi. Padri alizishika kwa kiganja zisigeuke, akasema humo mna watu walio hai, na mengine ya humo hata watoto wao hawayajui. Nadhani alikuwa sahihi. Kitabu hicho hakikuandikwa kwa ajili yetu watafutaji. Kiliandikwa ili padri ajue nani anaweza kupokea komunyo, nani anaweza kufunga ndoa na nani hawezi. Ukikisoma bila kukumbuka kazi yake, utashangaa kwa nini kina maelezo mengi kuhusu jambo usilolihitaji na kimya kuhusu unalolilia.

Ni kitabu kirefu kuliko kipana, uti wake umeshonwa upya kwa turubai. Wino umekuwa wa kahawia. Kila mstari una namba, tarehe, jina la ubatizo, jina la nyumbani, wazazi, mahali, msimamizi, sahihi ya padri. Pembeni, kwa miandiko mingine ya baadaye, kipaimara, ndoa, na kwa wengine msalaba mdogo wa kifo. Nilimpata mama yake babu kupitia ndoa yake. Alibatizwa Jumamosi Kuu, mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya vita vya Maji Maji, umri umekisiwa miaka kumi na miwili. Jina alilopewa lilikuwa la shahidi wa Roma. Kwenye safu ya wazazi, wenzake wengi wana jina la baba, mara nyingi na la mama, na neno kwamba ni wapagani. Kwake padri aliandika kwamba wazazi hawajulikani. Mahali: Utengule.

Utengule si Uhehe. Nilikaa nikiutazama mstari ule mpaka padri akaniuliza kama nahitaji kioo cha kukuzia.

Nikaenda kwa shangazi. Shangazi yangu ni mkubwa kwa baba, ana miaka themanini na zaidi, na yeye alimkuta bibi yake huyo, akalala naye kitanda kimoja mpaka alipoolewa. Nilimkuta anapukuchua mahindi.

"Kamwene, shangazi."

"Kamwene, mwanangu. Umekuja na baridi yote hii, kuna msiba?"

Nikamwambia nilichokiona. Hakushtuka. Aliendelea kupukuchua, gunzi moja, la pili, kisha akasema: "Bibi yule hakuwa na wajomba."

Kwa msomaji aliyekulia mjini niseme kidogo. Kwetu huwezi kuoa, kuozesha, wala kuzika bila wajomba. Kuna mambo ambayo baba mwenye nyumba, hata awe na mali gani, hana kauli mpaka upande wa mama ufike. Mtu kutokuwa na pesa ni jambo la kawaida. Mtu kutokuwa na wajomba maana yake ni kwamba mama yake hakuletwa kwa mahari na hakusindikizwa na mtu; alifika tu. Shangazi alieleza kwamba babu alipooa, waliokaa upande wa wajomba ni familia moja ya pale misheni. Bibi alipofariki, ni hao hao waliokuja kukaa. "Tuliwaita wajomba," alisema. "Tulikuwa tunajua si wajomba."

"Mlikuwa mnajua nani na nani?"

"Sisi. Mimi, mama yangu, shangazi zako wengine. Wake wa hapa wote walikuwa wanajua."

Siri ilikuwa siri kwa wanaume tu. Baba, baba mdogo, wazee waliokaa vikao vya ukoo na kugawa mashamba, wote walikuwa wametaja mababu saba maisha yao yote juu ya mwanamke ambaye wake zao walijua habari zake jikoni. Tangu siku hiyo, nikitaka kujua ukoo wa mtu siulizi majina. Namwomba mama mtu mzima anisimulie msiba mmoja: nani alikuja, alikaa wapi, nani alipewa nini. Majina hujitokeza yenyewe, na yale yasiyojitokeza hujionyesha pia.

Nilirudi Tosamaganga kuangalia ukurasa, si mstari. Jambo hilo lingepaswa kuandikwa ukutani katika kila ofisi ya parokia. Nilipopanda na kushuka kwenye safu niliwaona wasichana wengine, tarehe ile ile ya Jumamosi Kuu, umri unaokaribiana, wazazi hawajulikani, na karibu wote wana msimamizi mmoja, mwanamke ambaye jina la familia yake nalijua vizuri. Ni wale wajomba. Kumbe mama yake babu hakuwa peke yake. Palikuwa na kundi zima la mabinti waliokuwa chini ya misheni, na mwanamke mmoja Mkristo akasimama mama wa ubatizo kwa wote, na familia yake ikaubeba mzigo huo kwa vizazi viwili, hadi makaburini. Padri aliyeandika hakuwa na safu ya kuandikia jambo hilo. Limejificha kwenye kujirudia kwa jina.

Walitoka wapi mabinti hao? Hapa ndipo historia ya vitabu vya shule, yenye Lugalo mwaka 1891 na kichwa cha shujaa wetu kilichorudishwa Kalenga mwaka 1954, inapopungukiwa. Kabla Mjerumani hajafika, Wahehe na Wasangu walipigana kwa miaka mingi. Merere wa Usangu alisukumwa na Wahehe mpaka akahamia Usafwa, karibu na ilipo Mbeya leo, akajenga mji wake huko. Yeye naye akiwa huko aliwashambulia Wasafwa na majirani zao. Nyara za vita hivyo zilikuwa ng'ombe, wanawake na watoto. Mwanamke mateka aliolewa na aliyemteka au aliyepewa, na watoto wake wakawa wa ukoo wa baba, Wahehe kamili, hakuna wa kuwanyooshea kidole. Kisha Kalenga ikaanguka, Mkwawa akawindwa miaka minne hadi alipojiua Julai 1898, na katika vurugu hizo watu wengi walibaki hawana pa kwenda. Misheni ilikuwa mahali pa kwenda. Watu husema babu zetu walifuata injili. Wapo waliofuata injili. Wapo waliofuata paa na mlango unaofungwa usiku, na siwaoni kuwa wadogo kwa hilo.

Sisi Wahehe tunapenda sana kusimulia tulivyompiga Zelewski, kamanda wa Wajerumani, pale Lugalo. Sijawahi kukaa kwenye kikao ambacho mzee anasimulia tulivyowachukua watoto wa watu.

Swali likabaki Utengule ipi, kwa sababu ziko mbili. Iko Utengule ya Usafwa, jirani na Mbalizi, ambako Merere alikuwa amejenga alipokimbia Wahehe. Wamoravian waliweka kituo hapo mwaka 1895, wakitarajia kufanya kazi na mtawala mkubwa. Muda si mrefu mtawala, kwa msaada wa Wajerumani, akarudi kwao Usangu, na wamisionari wakabaki na Wasafwa. Na iko Utengule ya Usangu, upande wa Mbarali, ambako Merere alirejea. Padri wa Tosamaganga aliandika neno moja tu, na kwake lilitosha.

Kwa hiyo nikapanda basi la Mbeya. Barabara ile ya TANZAM nimeipita tangu utoto na sijawahi kuona ikiisha haraka: Mafinga na misitu yake ya misonobari, Makambako na upepo wake, kisha unateremka Usangu hadi Igawa na Chimala, mashamba ya mpunga yamelala chini, na ukuta wa milima upande wa kushoto. Nilijikuta nahesabu umbali kwa miguu ya mtoto. Ukisimama Chimala na kutazama ulikotoka, unaelewa kwamba hakuna binti wa miaka michache aliyetembea njia hiyo kwa hiari.

Mbeya nilipokelewa kwa "Bwana Yesu asifiwe", nami Mkatoliki nikaitikia amina kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika. Wamoravian wana utamaduni wao wa tangu Herrnhut: kila mwamini huacha maelezo ya maisha yake, ayaandike mwenyewe au yaandikwe na wengine, yasomwe wakati wa maziko. Mzee mmoja wa kanisa alinieleza hivyo, kisha akacheka akasema siku hizi kila dhehebu linasoma wasifu wa marehemu, na kwamba kama ningekuwa na akili ningeanza kukusanya hizo karatasi badala ya kuhangaika na Kijerumani cha kale. Alikuwa na haki. Karatasi ya wasifu, inayosomwa kaburini na kaka mkubwa anayetetemeka sauti, ina tarehe, kijiji, shule, safari za kazi, wake, watoto, hata jina la muuguzi. Baada ya siku arobaini haijulikani ilipo. Mimi sasa nikienda msibani naomba nakala, na nimezoea kutazamwa vibaya.

Mbeya ndiko nilikosoma pia habari za wanawake walioishi maisha ya namna hii na wakapata mtu wa kuwaandika. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Moravian aliyeandika pia juzuu tatu juu ya Wasafwa, alichukua masimulizi ya maisha ya watu kadhaa waliopitia utumwa na utekwaji katika pande hizi. Mwanahistoria Marcia Wright aliyarudisha mbele ya wasomaji katika kitabu chake cha 1993 juu ya watumwa na wanawake wa eneo hili. Humo yumo Narwimba, mjane aliyelazimika kutafuta mume na ulinzi kila hali ilipobadilika. Yumo Chisi, aliyetekwa akiwa mtoto mdogo na kupita mikononi mwa watu mbalimbali. Sikutarajia kumkuta mama yake babu humo, na sikumkuta. Lakini niliposoma maisha ya Chisi niliacha kuamini kwamba Utengule lazima iwe kwao.

Mtoto akichukuliwa mara moja, anakumbuka kijiji. Akichukuliwa mara ya pili, mara ya tatu, anayemuuliza "umetoka wapi" anaweza kujibiwa jina la mahali pa mwisho alipolala. Inawezekana alikuwa Msafwa au Mnyiha aliyetekwa na Wasangu, akakaa Utengule, kisha akachukuliwa na watu wetu. Inawezekana alikuwa Msangu wa pale pale. Hata ile habari ya wazazi kutojulikana nimeacha kuiamini kama ilivyo. Binti wa miaka kumi na miwili humsahau mama yake? Hawajulikani na nani, basi? Padri aliuliza kupitia mkalimani, mbele ya foleni ya wabatizwa, siku ya Jumamosi Kuu. Huenda binti alijua na akanyamaza. Huenda alijibu kwa lugha ambayo mkalimani hakuwa nayo. Shangazi anasema bibi yake akiulizwa kwao alikuwa anasema "kwetu ni hapa", na aliyerudia kuuliza alipewa kazi ya kuchota maji.

Mumewe hakuishi naye muda mrefu. Shangazi anahesabu miaka kwa matukio, kama wazee wote: babu alizaliwa mwaka ambao wanaume walichukuliwa upagazi wa vita, yaani 1916 au karibu na hapo, baada yake yakaja mafua yale yaliyoua watu dunia nzima, 1918, nzige wakaja babu akiwa tayari anachunga, miaka ya 1930. Mume aliondoka na mzigo kichwani na hakurudi. Dar es Salaam wamebakiza jina la wapagazi hao kwenye soko na mtaa, Kariakoo, na hakuna anayenunua nyanya pale akiwakumbuka. Katika orodha yangu ya mababu saba yeye ni wa tatu, nimemtaja maelfu ya mara. Kuhusu yeye sikupata kitu zaidi ya jina na ndoa. Kuhusu mke wake, ambaye hakutajwa hata mara moja, tulipata yote haya.

Baba mdogo alikasirika. Nilimpelekea habari kabla hajazisikia kwingine, nikidhani ni heshima, naye akaniuliza faida yake ni nini. "Unataka watu waseme sisi ni wana wa mateka?" Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani alikuwa anasema upuuzi. Wakati wa ujana wake, kuitwa hivyo kungeweza kumnyima mtu sauti kwenye kikao, pengine na shamba. Wazee walionyamaza hawakuwa waongo. Walikuwa wanawalinda watoto wao kwa silaha iliyokuwapo. Ila ninapopingana naye ni hapa: silaha hiyo sasa inatukata sisi wenyewe. Tunafundisha watoto kwamba sisi ni watu wa damu moja, na Wasangu ni watani wetu wa kucheka nao misibani, huku nusu ya bibi zetu wakiwa wametoka kwao au kwa jirani zao. Nimesema nusu bila kupima. Ukizunguka vijiji vya karibu na Kalenga ukauliza habari za wajomba, utaona kwa nini nimethubutu.

Jambo lilifikishwa kwenye kikao cha ukoo, baada ya Krismasi, watu wa Dar wakiwa wamekuja. Mtoto wa dada yangu alikuwa amechora mti wa ukoo kwenye karatasi ya manila, akaubandika ukutani kwa gundi ya maji. Juu ya babu, pembeni mwa mume, palikuwa na kisanduku chenye jina la shahidi wa Roma, na mstari wa kabila mtupu.

Baba mdogo alitaka kisanduku kifutwe. Akapigiwa kelele. Akakubali kibaki, lakini kiandikwe Mhehe, kwa sababu alizikwa Uhehe. Binamu mmoja aliyesomea Mbeya akasema iandikwe Msafwa, akatoa ushahidi mrefu juu ya Mbalizi. Mwingine, ambaye mke wake ni wa Mbarali, akashikilia Msangu, na ikawa wazi kwamba anatafuta unafuu nyumbani. Shangazi aliwasikiliza mpaka wakachoka. Kisha akasema hajali wataandika nini hapo, ila upande wa wajomba waandike jina la ile familia ya misheni, wote, pamoja na mama aliyesimamia ubatizo, kwa sababu ndio waliochimba kaburi. Kijana akaandika. Akauliza kabila aandike nini. Shangazi akamwambia aandike yote matatu kwa penseli.

Baba mdogo akaomba basi angalau penseli hiyo iwe nyembamba. Shangazi hakumjibu. Alikuwa ameshaanza kutaja nyumba nyingine za pale kijijini ambazo wajomba wao hawakuwahi kuonekana msibani, moja baada ya nyingine, kwa majina, na baba mdogo akainuka kwenda kufunga mlango.